Majumba ya Sanaa na Maeneo ya Ubunifu katika Mji wa Wastani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali yanayorudiwa na watu wanaotaka kuijua sanaa ya mji wao, au ya mji wanaoupitia, bila kuwa na elimu maalumu ya sanaa. Unahusu miji ya wastani, yaani ile yenye wakazi wa kutosha kuwa na majumba ya sanaa, studio na vituo vya ubunifu, lakini isiyo vituo vikuu vya biashara ya sanaa duniani. Maswali ya msingi yametangulia na yale ya hali zisizo za kawaida yamewekwa mwishoni. Jibu linapogusa jambo lililoelezwa kwingine, tumelitaja swali husika badala ya kurudia maelezo.

## Kabla ya kutoka nyumbani

Katika mji wa wastani, sanaa huonyeshwa wapi hasa?

Wengi hufikiria kwanza jumba la sanaa la umma au makumbusho ya mji, ambayo huwa na mkusanyo wa kudumu na hayauzi kazi zinazoonyeshwa. Kisha lipo jumba la biashara, ambalo huwakilisha wasanii kadhaa, hubadilisha maonyesho kila baada ya wiki chache na huendeshwa kwa kamisheni ya mauzo. Baina ya hayo mawili pana eneo pana ambalo wageni wengi hulipita bila kuliona: vyama vya wasanii wanaochangia pango na kupokezana zamu mezani, kumbi za maonyesho za vyuo, karakana za uchapaji na ufinyanzi zenye mitambo inayotumiwa kwa pamoja, studio zilizomo katika maghala ya zamani, pamoja na kuta za maktaba, mikahawa na korido za ofisi za umma.

Jambo linalotofautisha maeneo haya ni nani anayeamua kinachotundikwa ukutani. Katika jumba la umma huamua mratibu wa maonyesho, na kwa kawaida hupanga mwaka mmoja au zaidi kabla. Katika jumba la biashara huamua mwenye jumba, naye huangalia ladha yake na pia uwezekano wa kuuza. Katika nafasi inayoendeshwa na wasanii huamua wasanii wenyewe, mara nyingi kwa mabishano marefu, na hapo ndipo kazi za majaribio, ambazo hazina soko bado, huonekana kwanza. Anayezuru aina moja tu ya maeneo haya atakuwa ameona sehemu moja tu ya sanaa ya mji.

Je, mji usio mkubwa una kitu cha maana cha kuona?

Historia ya sanaa ya kisasa imejaa miji ya namna hiyo. Kassel, mji wa Ujerumani wenye watu takriban 200,000, umekuwa mwenyeji wa documenta, maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa, tangu 1955, na sasa hufanyika kila baada ya miaka mitano. Münster, katika nchi hiyo hiyo, umekuwa ukipokea sanamu katika bustani na mitaa yake kila baada ya miaka kumi tangu 1977, na baadhi ya kazi hizo zimebaki pale daima. Katika mji wa Alexandria, jimboni Virginia nchini Marekani, kiwanda cha zamani cha kutengenezea topido za kivita kiligeuzwa mwaka 1974 kuwa kituo cha sanaa ambamo wasanii hufanya kazi katika studio zinazoingiwa na wageni.

Hata hivyo, mifano hiyo mikubwa isikupotoshe. Faida halisi ya mji wa wastani ni kwamba umbali kati ya mtazamaji na msanii ni mfupi. Mtu anayekupokea mlangoni huenda ndiye aliyechora picha iliyo nyuma yake, na mwenye jumba anaweza kukupa robo saa nzima ya mazungumzo, jambo ambalo katika miji mikubwa hupewa wanunuzi waliokwisha kujulikana.

Nitayapataje maeneo ambayo hayana hata kibao?

Anza na jumba moja linalojulikana, kisha chukua vipeperushi vilivyopo mezani. Majumba mengi huweka matangazo ya wenzao, na katika miji kadhaa huwepo ramani ya pamoja inayosambazwa bila malipo. Kurasa za mitandao ya kijamii za wasanii wa mji husaidia zaidi kuliko tovuti za utalii, kwa kuwa nafasi ndogo hutangaza maonyesho yake siku chache tu kabla.

Kuna watu wa aina mbili ambao hawaulizwi vya kutosha. Wa kwanza ni fundi fremu, kwa sababu kazi za karibu wasanii wote wa mji hupitia mikononi mwake. Wa pili ni muuzaji wa duka la vifaa vya sanaa, anayejua ni nani anayenunua rangi kwa wingi, karakana ipi ina tanuri la ufinyanzi na darasa lipi limeanza. Ubao wa matangazo wa duka kama hilo mara nyingi una habari mpya kuliko orodha yoyote rasmi.

Kuna kiingilio?

Majumba ya biashara na nafasi zinazoendeshwa na wasanii kwa kawaida hayatozi chochote. Makumbusho na majumba ya umma yanaweza kutoza, lakini mengi hutenga siku au saa za kuingia bure. Ukiona sanduku la michango, kuchangia ni hiari kweli. Hakuna atakayekuangalia mkono.

Ni siku na saa gani zinafaa?

Thibitisha saa za kufungua siku hiyo hiyo, hasa kwa nafasi ndogo ambazo hutegemea watu wa kujitolea. Majumba mengi hufungwa siku moja au mbili mwanzoni mwa wiki. Pia kuna kipindi cha siku kadhaa kati ya maonyesho mawili ambapo kazi za awali hushushwa, kuta hupakwa rangi upya na kazi mpya hutundikwa, na mgeni asiyejua hukuta mlango umefungwa ingawa ratiba inasema uko wazi.

Kwa anayetaka kutazama kwa utulivu, alasiri ya katikati ya wiki haina mshindani. Kwa anayetaka kukutana na watu, tazama swali kuhusu uzinduzi wa maonyesho.

## Ukiwa ndani

Nikiingia jumba la biashara bila nia ya kununua, ninawasumbua?

Hapana. Majumba hayo huhitaji watazamaji kama yanavyohitaji wanunuzi, kwa sababu msanii asiyetazamwa haanzi kununuliwa. Salimia, tazama, na ukiulizwa kama unahitaji msaada unaweza kujibu kwamba unatazama tu. Kitabu cha wageni kikiwepo, kuandika jina si lazima, ingawa nafasi zinazotegemea ruzuku mara nyingi huhesabu wageni ili kuthibitisha kwa wafadhili kwamba zinatembelewa.

Sielewi kazi ninazoziona. Nifanye nini?

Tatizo mara nyingi ni muda mfupi, si uelewa mdogo. Utafiti uliofanyika katika makumbusho ya Metropolitan mjini New York na kuchapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba wageni walitazama kazi moja kwa wastani wa sekunde 27 hivi, pamoja na muda wa kusoma maelezo. Katika sekunde hizo mtu hutambua picha ni ya nini, basi.

Njia inayozaa matunda ni kupita ukumbi wote upesi mara moja, kuchagua kazi mbili au tatu zilizokuvuta au kukuudhi, kisha kurudi na kukaa mbele ya kila moja kwa dakika tano. Simama mbali, halafu sogea. Ukiwa karibu, iangalie kazi kutoka ubavuni ili mwanga uangukie juu yake kwa mshazari: hapo utaona mahali ambapo rangi imerundikwa kwa kisu na mahali ambapo imefutwa kwa kitambaa, na pengine mistari ya picha nyingine iliyofunikwa chini. Tazama pia ukingo wa kanvasi. Wasanii wengi hawaupaki rangi ukingo huo, na michirizi iliyoteremka huko hueleza ni rangi gani ilitangulia na kama kanvasi iligeuzwa juu chini wakati wa kazi.

Maelezo marefu yaliyobandikwa ukutani yasome baada ya kutazama. Baadhi huandikwa kwa lugha nzito kiasi kwamba hata wasanii wenyewe huyakwepa, na kutoyaelewa si aibu. Swali bora la kumuuliza msimamizi si maana ya kazi, bali namna ilivyotengenezwa, kwa kuwa jibu lake huwa mahususi na hufungua mazungumzo mengine.

Kibandiko kilicho kando ya kazi kinaeleza nini?

Kwa mpangilio wa kawaida hueleza jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa vilivyotumika na vipimo. Katika nchi nyingi vipimo huanza na kimo kisha upana, na kwa sanamu kina hufuata. Vifaa vinastahili kusomwa kwa makini: “akriliki kwenye kanvasi” na “chapa ya kidijitali kwenye kanvasi” ni vitu viwili tofauti kabisa, hata vikionekana kufanana kutoka mlangoni.

Alama nyekundu ya duara ina maana gani?

Kazi imeuzwa. Alama ya rangi nyingine, au nusu duara, kwa kawaida humaanisha kwamba mtu ameomba awekewe kwa muda. Kwa chapa, yaani kazi zinazochapwa kwenye karatasi kwa nakala nyingi, kila alama huhesabu nakala moja iliyouzwa, kwa hiyo kazi yenye alama sita bado inaweza kupatikana.

Ninaruhusiwa kupiga picha?

Uliza kila mahali, kwa sababu kanuni hutofautiana hata ndani ya jengo moja. Kazi za kuazima zinaweza kuwa na masharti ya mwenyewe ilhali kazi za jumba hazina. Mwanga wa flashi na viegemeo vya miguu mitatu hukatazwa karibu kila mahali. Ukiweka picha mtandaoni, taja jina la msanii na usiikate kazi vipande. Hilo ni suala la adabu, na katika nchi nyingi ni suala la sheria pia. Kuhusu matumizi ya kibiashara, tazama swali la hakimiliki.

Kwa nini baadhi ya vyumba vina mwanga hafifu?

Mwanga huharibu kazi, na uharibifu wake hujumlishwa mwaka hadi mwaka bila kuponyeka. Karatasi, vitambaa, picha za rangi za maji na picha za kamera ndivyo dhaifu zaidi, na kiwango kinachotumiwa na makumbusho mengi kwa vitu hivyo ni takriban lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga). Michoro ya rangi za mafuta huvumilia hadi lux 200 hivi. Simama chumbani dakika mbili na macho yatazoea.

Naweza kuja na watoto, na je, anayetumia kiti cha magurudumu ataweza kuingia?

Watoto wanakaribishwa karibu kila mahali, mradi washikwe mkono palipo na sanamu zilizosimama sakafuni. Ziara fupi ya kazi tano huwafaa kuliko ukumbi mzima, na karakana za ufinyanzi na uchapaji huwavutia zaidi ya kumbi tulivu kwa sababu humo wanaona mtu akifanya kazi.

Kuhusu kiti cha magurudumu, majumba ya umma kwa kawaida yana njia mteremko na lifti. Nafasi zilizo ghorofani katika maghala ya zamani mara nyingi hazina, na hii ni kasoro kubwa isiyosemwa vya kutosha katika matangazo yao. Piga simu mapema na uulize kwa maneno mahususi: ngazi ni ngapi, mlango una upana gani, choo kiko wapi. Jibu la jumla kwamba “hakuna shida” halitoshi.

## Uzinduzi, studio na warsha

Uzinduzi wa maonyesho ni wa walioalikwa peke yao?

Mara chache sana. Uzinduzi ukitangazwa hadharani, basi ni wa kila mtu, na hakuna vazi maalumu linalotakiwa isipokuwa likitajwa. Huchukua saa mbili au tatu, huwa na hotuba fupi, na msanii huwepo.

Ni vyema kujua kwamba uzinduzi ndio wakati mbaya kuliko wote wa kutazama kazi, maana migongo ya watu huziba kuta na mazungumzo huvuta macho kwingine. Ni wakati mzuri, hata hivyo, wa kujua mji. Katika saa moja utasikia ni studio ipi imefunguliwa, nani anafundisha uchapaji na ni ghala gani linageuzwa ukumbi. Nenda usiku huo kwa ajili ya watu, kisha rudi siku nyingine kwa ajili ya kazi zenyewe. Katika miji mingi majumba hukubaliana jioni moja ya kila mwezi ya kubaki wazi hadi usiku; anayeanza kuuchunguza mji atapata mengi katika jioni moja kama hiyo, mradi asijaribu kumaliza majumba yote.

Kutembelea studio ya msanii kuna adabu gani?

Omba miadi, fika kwa wakati na usikae zaidi ya muda mliokubaliana. Studio ni mahali pa kazi, kwa hiyo usiguse kitu chochote, hata kile kinachoonekana kama takataka, kwani kipande cha kadibodi kilichochafuka rangi kinaweza kuwa ndicho msanii anachopimia rangi zake. Usipige picha za kazi ambazo hazijakamilika bila idhini. Vaa nguo usizozionea uchungu, maana rangi za mafuta zilizopakwa nene zinaweza kubaki bichi kwa miezi.

Wasanii wengi hufurahia kuulizwa kuhusu kazi iliyowashinda, na maelezo yake mara nyingi hufunza zaidi ya yale ya kazi iliyofaulu. Kununua hakutarajiwi.

Ninaweza kujifunza kutengeneza kitu mimi mwenyewe?

Ndiyo, na karakana za pamoja zipo kwa ajili hiyo. Uchapaji wa linoleamu, yaani kuchonga picha kwenye kipande laini na kuichapa kwa wino, huweza kujifunzwa katika alasiri moja. Ufinyanzi huhitaji subira zaidi: chombo hufinyangwa, hukaushwa polepole, huchomwa mara ya kwanza, hupakwa rangi ya kung’arisha, kisha huchomwa tena, hivyo kazi ya siku ya kwanza huchukuliwa wiki kadhaa baadaye. Kabla ya kulipa ada, uliza kama gharama ya tanuri na malighafi imejumuishwa.

## Kununua kazi ya sanaa

Kwa nini bei hazionekani ukutani?

Baadhi ya majumba huamini kwamba bei humfanya mtazamaji aitazame tarakimu badala ya kazi. Sababu hiyo ina ukweli kiasi, lakini pia huwatisha wageni wapya bila lazima. Orodha ya bei kwa kawaida ipo mezani, na kuiomba hakukufungi kwa lolote.

Bei yenyewe huhusisha ukubwa, vifaa, historia ya msanii na kamisheni ya jumba, ambayo mara nyingi ni kati ya asilimia 40 na 50. Kwa kazi za msanii mmoja, bei hupanda kufuatana na vipimo zaidi kuliko ubora, ndiyo maana picha ndogo iliyo bora kuliko zote inaweza kuwa ya bei ya chini kabisa ukumbini. Mnunuzi mwenye jicho hunufaika hapo.

Naweza kuomba kupunguziwa bei?

Unaweza kuuliza kwa upole, hasa ukinunua zaidi ya kazi moja. Usishangae ukikataliwa: punguzo hukatwa katika mapato ya jumba na, kwa makubaliano mengine, hata ya msanii. Kuomba kulipa kwa awamu ni ombi ambalo hukubaliwa kwa urahisi zaidi.

Nifanye nini nikitaka kumpita mwenye jumba na kununua moja kwa moja kwa msanii?

Kama uliiona kazi hiyo katika jumba, inunue kupitia jumba hilo. Msanii anayeuza pembeni kazi iliyo chini ya mkataba huhatarisha uhusiano unaomletea wanunuzi wengine. Kama msanii hana mwakilishi, au kama kazi haikuwahi kuonyeshwa jumbani, hapana kizuizi. Muulize tu mapema ana makubaliano gani.

Nitajuaje kama chapa ni kazi halisi au ni nakala ya picha nyingine?

Swali hili huleta mkanganyiko kuliko mengine yote, na wauzaji wasio waangalifu huutumia. Chapa halisi ni kazi ambayo msanii aliibuni kwa ajili ya njia ya uchapaji: alichonga ubao au linoleamu, alitia asidi kwenye bamba la shaba, alichora juu ya jiwe, au alitenganisha rangi kwa skrini, yaani kitambaa chembamba kinachopitisha wino. Hakuna “picha ya asili” iliyonakiliwa, kwa maana kila karatasi iliyotoka katika bamba ni asili. Nakala ya kidijitali, kwa upande mwingine, ni mchoro uliopigwa picha kwa kamera au skana kisha ukachapwa kwa printa ya wino. Inaweza kuwa nzuri na kudumu, lakini haipaswi kuuzwa kwa bei ya ile ya kwanza. Msanii anayetengeneza kazi yake kwenye kompyuta tangu mwanzo ni jambo jingine, na kazi yake ni halisi.

Omba kuiona karatasi nje ya fremu. Chapa ya bamba la shaba huwa na mfinyo kuzunguka picha, mahali ambapo ukingo wa bamba ulididimia katika karatasi iliyolowanishwa. Unaweza kuuona ukiinamisha karatasi kuelekea dirishani. Chapa ya skrini ina tabaka la wino lililokaa juu ya karatasi, lenye kingo kali. Kwa kioo cha kukuzia, nakala ya printa huonyesha vitone vidogo vya rangi kadhaa vilivyotawanyika hata mahali ambapo jicho linaona rangi moja tupu.

Chini ya picha, kwa kawaida kwa penseli, kuna namba kama 3/25, yaani karatasi ya tatu katika toleo la karatasi 25. Namba ndogo haimaanishi ubora zaidi, na si lazima ifuate mpangilio wa uchapaji. Herufi A.P. au E.A. huonyesha nakala ambazo msanii hujibakizia nje ya toleo, na kwa desturi huwa chache. Toleo lenye nakala mia tisa na A.P. mia moja linastahili kuulizwa maswali.

Nidai nyaraka gani?

Stakabadhi yenye jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa, vipimo na bei, pamoja na cheti cha uhalisi chenye sahihi ya msanii au ya jumba. Kwa chapa, ukubwa wa toleo uandikwe. Zihifadhi pamoja na picha ya mbele na ya nyuma ya kazi, kwani bima huzihitaji na atakayeirithi kazi hiyo atazihitaji pia.

Nikishanunua picha, naweza kuichapisha kwenye fulana au kalenda?

La. Ulichonunua ni kitu, wala si hakimiliki, isipokuwa mkataba wa maandishi useme vinginevyo. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, kama ulivyorekebishwa, unazitaka nchi wanachama kulinda kazi za sanaa kwa maisha ya msanii na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na Umoja wa Ulaya hutumia miaka 70. Baadhi ya nchi huenda mbali zaidi: Ufaransa ilianzisha mwaka 1920 haki ya msanii kupata asilimia fulani kila kazi yake inapouzwa tena, na Uingereza iliifuata mwaka 2006. Kuitundika, kuiazimisha na kuiuza ni haki yako.

Nitaisafirishaje na kuitunza vipi?

Picha mpya ya rangi za mafuta isifungwe kwa plastiki iliyoigusa, kwa sababu plastiki hunata. Vanishi ya mwisho kwa desturi hupakwa miezi sita au zaidi baada ya picha kukamilika, kwa hiyo muulize msanii kama imekwisha kupakwa. Kazi za karatasi zifremiwe kwa karatasi isiyo na asidi, na kioo kisiguse uso wa kazi. Usitundike chochote juu ya jiko, bafuni, au ukuta unaopigwa na jua. Sababu imeelezwa katika swali la mwanga hafifu.

## Hali zisizo za kawaida

Nimeiangusha kazi ikaharibika. Je, nitalipishwa?

Usijaribu kuirekebisha na usikusanye vipande. Mwite msimamizi mara moja. Kazi nyingi zilizo katika maonyesho zina bima, na ajali ya kweli mara nyingi humalizwa kwa njia hiyo, ingawa nafasi ndogo huenda zisiwe na bima ya kutosha na mazungumzo ya uungwana yatahitajika. Mwaka 2024, katika makumbusho ya Hecht mjini Haifa, mtoto wa miaka minne alivunja gudulia lenye umri wa miaka 3,500 hivi lililokuwa limewekwa bila kioo. Makumbusho yalimkaribisha tena pamoja na familia yake, na gudulia likaungwa. Uharibifu wa makusudi huenda polisi.

Ninashuku kwamba kazi inayouzwa imeigwa. Nimwambie nani?

Tofautisha kwanza kuathiriwa na kuiga: wasanii wa mji mmoja hufundishana, kwa hiyo mitindo kufanana ni kawaida. Kama unaamini ni nakala ya kazi fulani, ieleze shaka yako faraghani kwa mwenye jumba, ukiambatisha picha ya kazi unayoifikiria. Kuanza kwa kutangaza mtandaoni kunaweza kumchafulia jina mtu asiye na hatia na kukuletea wewe kesi.

Mimi ni msanii. Nitaombaje kuonyesha kazi zangu?

Hudhuria maonyesho ya jumba hilo kwanza. Wenye majumba hutambua mara moja ombi la mtu asiyewahi kuingia mlangoni mwao, na kuja na picha kwapani bila miadi wakati wa uzinduzi hukera. Andaa picha nzuri za kazi kumi hadi kumi na tano zinazoonekana kama za mkono mmoja, pamoja na maelezo mafupi. Kwa anayeanza, maonyesho ya pamoja katika chama cha wasanii, pamoja na matangazo ya kuwaalika wasanii, ni njia fupi kuliko jumba la biashara. Kuwa macho na anayekudai ada kubwa ili akutundikie kazi: huyo ameshapata faida yake hata pasipo mnunuzi mmoja.

Michoro ya ukutani mitaani ni ya nani, na inaweza kufutwa?

Ukuta ni wa mwenye jengo, hakimiliki ya mchoro kwa kawaida ni ya msanii, na hapo ndipo mvutano huzaliwa. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1990 huwalinda wasanii dhidi ya kuharibiwa kwa kazi zilizotambulika. Katika kesi iliyohusu 5Pointz, jengo la New York ambalo kuta zake zilizojaa michoro zilipakwa chokaa mwaka 2013, mahakama mwaka 2018 iliamuru wasanii 21 walipwe jumla ya dola milioni 6.75, na uamuzi huo ukathibitishwa katika rufaa mwaka 2020. Nchi nyingine zina kanuni tofauti. Kwa mtazamaji, somo ni jepesi: mchoro unaoupenda upige picha leo, pamoja na jina la msanii na tarehe.

Nafasi niliyoizoea imefungwa. Wasanii wake nitawapata wapi?

Kufungwa kwa nafasi ndogo si lazima kumaanishe kwamba zimeshindwa. Mara nyingi pango limepanda, kwa sababu ghala lililokuwa la bei nafuu limevutia wapangaji wengine, na pengine ni wasanii hao hao walioufanya mtaa upendeze. Wengine hufunga kwa kuwa mkataba wa muda wa jengo tupu umekwisha, kama ilivyopangwa tangu awali.

Fuata majina ya watu badala ya anwani. Jiandikishe kupokea taarifa za wasanii mmoja mmoja, soma majina yaliyoorodheshwa katika maonyesho ya pamoja, na rudi kwa fundi fremu aliyetajwa mwanzoni. Kama ulilipa malipo ya awali ya kazi ambayo hujaichukua, wasiliana na msanii mwenyewe na umwonyeshe stakabadhi. Kazi zilizowekwa jumbani kwa ajili ya kuuzwa kwa kawaida hubaki kuwa mali ya msanii hadi zitakapolipiwa zote, hivyo yeye ndiye mwenye sauti kuhusu ilipo kazi hiyo sasa na namna utakavyoipata.